Kisu cha Kamba cha Mashua ya Nazi

Mume wangu alikuwa amebakiwa na sikio moja zima, la kulia. La kushoto liliharibika kwa kuzamia. Wakati ule wa Ujamaa alikuwa nahodha na fundi wa mashua ya ushirika wetu, ile ya kuvusha nazi kutoka Kigamboni hadi Mtoni. Kila kamba ya wavu iliponasa kwenye rafadha, lile pangaboi la chini ya mashua, yeye ndiye aliyevua shati, akauma kisu, akazama kuikata. Juma moja alizama mara tatu. Nilihesabu.

Daktari alimwambia akiendelea, la kulia nalo litakwenda. Mie sikutaka kuzeeka nikipiga kelele kwenye nyumba ya kupanga, majirani wote wanasikia isipokuwa yeye.

Kwenye meli kubwa mume wangu alishaona visu vinavyofungwa kwenye shafti, ule mtaimbo unaozungusha rafadha, mbele yake tu, kamba ikija inakatwa. Dukani havikuwepo, siku hizo hata sabuni ilikuwa ya kuulizia. Basi siku ya kwanza ya bamvua, maji yalipokupwa na mashua kulala mchangani, nikazungushia shafti uzi, nikafunga fundo. Nikapima tena. Fundo likaangukia palepale. Nikaenda kwa mhunzi wa Temeke.

"Chuma hiki springi ya lori, ndugu," akasema. "Nazi hamsini."

"Lori lenyewe limekufa, nawe unaliuza kama bado linapanda vilima vya Pugu."

Tukaishia ishirini na nane. Akanitengenezea pete ya vipande viwili, kila kipande na kisu chake, na bolti nne za kuibana.

Siku ya tatu, maji yalipokupwa tena, tukaivisha shafti ile pete. Pete ikacheza kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama bahari.

"Umeifanya nini hii shafti?"

"Nimeikwangua. Ilikuwa na rangi, kutu, na grisi ya miaka. Nilijua utafurahi."

Kumbe nilipima uchafu, tena mara mbili, na yeye akausafisha kwa mapenzi. Ningemgombeza, ila maji yalishaanza kujaa. Nikatoa kopo langu la kupimia mchele, tukalikata, tukaliviringisha chini ya pete. Ikakaa. Alipokaza bolti ya nne maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

Kesho yake nilikuwa nimo mashuani na nazi za kupeleka sokoni. Katikati ya mkondo, injini ikakohoa mara moja, ikaendelea. Nikageuka: mume wangu kifua wazi, kisu mdomoni, anatazama vipande vya kamba vikielea nyuma yetu. Akakitoa kile kisu taratibu, kama mtu aliyekuta mgeni wake ameondoka bila kuaga.

"Sasa mie nifanye nini?"

"Vaa shati."

Hakuvaa. Akakaa hivyo hivyo hadi Mtoni, nami nikakaa upande wake wa kulia, nikamsimulia bei za nazi za sokoni, zote, bila kupaza sauti.