Siku Nilipotua Bafuni kwa Mzee Mwinyihaji

Naona haya kuisimulia habari hii, na haya yenyewe nimestahili, maana siku ile nilidhani nimekuja kuikomboa Likoni nzima kwa elimu, kumbe nilichofanikiwa kuondoa ni ukuta wa bafu la mwenyekiti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nimerudi kutoka chuo cha ufundi wa ndege ng'ambo, kichwa kimejaa imani (na nywele, wakati ule), nikiamini kwa dhati kwamba vijana wetu wakifundishwa kurusha ndege hakuna litakalowashinda. Ndege nilikuwa nayo: mhandisi mmoja mgeni, alipohama, aliniachia ndege yake isiyo na injini, ile inayovutwa kwa kamba hadi ipande kisha ikaachwa iteleze hewani yenyewe, na kwa kuwa haina mlio watu wakaiita ndege bubu. Nilichokosa ni uwanja wa kufundishia. Uwanja ulikuwa mikononi mwa kamati ya mtaa, na mwenyekiti wake, Mzee Mwinyihaji, ambaye nyumba yake imepakana nao, alisema watanipa jibu alasiri ya siku ya majaribio, wakishaniona nikiruka na kutua.

Basi nikaona ni wajibu wangu kuwaelimisha watu kwanza (hapo ndipo nilipojiponza). Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikaeleza kwa nusu saa kwamba breki za ndege hii ni vibao vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa mbawa, kwamba vikifunguliwa huizuia ndege na papo hapo huibeba, hivyo rubani hulazimika kuinamisha pua sana, na kubwa kuliko yote, asivifunge ghafla akiwa karibu na ardhi, kwani ataondoa kile kinachombeba.

"Mtadhani ninaanguka," nikasema. "Msikimbie. Huo ndio ufundi wenyewe. Pigeni makofi."

"Na ukianguka kweli?" akauliza Bi Mishi, mke wa mwenyekiti.

"Mama, jambo hilo halipo."

Rafiki yangu Kombo akanivuta kwa pikapu yake, nikapanda, nikaachia kamba, nikazunguka juu ya minazi kwa madaha. Wakati huo Mzee Mwinyihaji (hili nililijua baadaye) alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani na matope yake, akaona ana nafasi ya kuoga kabla ya kikao.

Nikafungua breki, nikainamisha pua, mambo yakaenda kama nilivyohubiri, hadi nilipotambua kwamba upepo wa mbele unanirudisha na uwanja sitaufikia. Sasa, chuoni nilijifunzia ndege yenye breki juu ya bawa, ambayo ukiona hufiki unazifunga tu nayo inasogea mbele, na mkono wangu, ambao haukuhudhuria mhadhara, ukakisukuma kishikio cha breki kuzifunga. Inchi chache tu.

Ndege ikashuka kama nazi.

"Tokeni! Kimbieni!" nikapiga kelele kwenye kidirisha.

Mtaa mzima ukanipigia makofi.

"Yuwaja, yuwaja!" nikamsikia mtu. "Mwauona ufundi huo?"

Nikagonga nyasi, nikaruka, nikateleza katikati ya mihogo ya Bi Mishi, na ncha ya bawa la kushoto ikauzoa ukuta wa makuti wa bafu, mzima mzima, taratibu, kama mtu anayefunua pazia. Ndani alisimama mwenyekiti, shuka kiunoni, kichwa chote povu la sabuni, macho ameyafumba.

"Mishi," akasema, akipapasa kutafuta kopo, "hebu funga mlango, upepo waingia."

Makofi yakafifia, mkono mmoja mmoja. Akajimwagia maji, akafumbua macho, akaiona ndege, akaniona mimi ndani yake, hatua tatu tu, kisha akauona mtaa mzima nyuma yangu. Mafunzo yangu hayakuigusa hali hiyo; kilichonisaidia ni malezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, akiikaza shuka. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mzee."

"Na huko ulikosomea, hodi hawapigi?"

Kombo alikaa chini kabisa, ameshika mbavu. Bi Mishi akamrushia mumewe kanga, kisha akanigeukia: "Mwalimu, tuendelee na makofi ama yatosha?"

Kikao kilifanyika alasiri, mzee amevaa kanzu safi, povu kidogo limebaki nyuma ya sikio wala hakuna aliyethubutu kumwambia. Uwanja nikapewa, na darasa nikapewa, ila ndege bubu isiinuke tena. Nifundishe ikiwa imekaa. Na kabla ya somo la kwanza, nisuke makuti ya bafu jipya kwa mikono yangu mwenyewe. Wiki mbili nilisuka, na wallahi Bi Mishi aliifumua kazi yangu kila jioni kwa kuwa ilikwenda upande.

Nimeapa sitamwambia tena mtu yeyote asikimbie anionapo naanguka. Wakimbie tu, ufundi ukiwepo, watarudi. Na hadi leo nikiipita nyumba ile, hata nikiwa mbali barabarani, hupiga hodi kwa sauti, na kutoka bafuni (daima yuko bafuni, sijui kwa nini) mzee hunijibu:

"Karibu, mwanangu. Waja kwa miguu?"