Kiingilio cha Makopo Mawili

Yunusi Ismaily hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, na watu wa Likunja waliliamini, kwa sababu simu zilizosahauliwa katika kibanda chake cha sinema zilirudi kwa wenyewe, na siku moja ilirudi pochi ya mchimbaji wa madini wa Namungo ikiwa na kila kitu ndani. Naandika habari zake kwa sababu mtu wa namna hiyo ndiye anayepaswa kututia hofu. Mwizi anayejulikana tunamfungia mlango.

Alizaliwa Mnero, upande wa Nachingwea, akaja Likunja, wilaya ya Ruangwa, kuoa na kukaa kwa wakwe, kama wanaume wengi wa huku. Mikorosho ya ukoo wake ilibaki Mnero mikononi mwa dada zake. Huku alikuwa na nyumba ndogo na kile kibanda cha mabati chenye mabenchi tisa, runinga kubwa moja na spika mbili. Watu hukiita kibanda umiza kwa sababu ya joto na mabenchi yake, lakini walikuja. Jioni walikuja kwa mpira. Mchana wa Jumamosi zilikuwa sinema za wanawake na watoto, zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili chepesi, hata bibi aliyejifunza Kiswahili sokoni akazifuata bila kuuliza.

Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Kikawa mia tatu, umeme ukasingiziwa. Kikawa mia tano ilipokuja runinga mpya. Halafu msimu uliopita malipo ya king'amuzi yakapanda, na yule bwana wa Ruangwa mjini anayemjazia sinema kwenye flashi naye akapandisha bei yake. Yunusi akachukua chaki, akaandika mlangoni: ELFU MOJA.

Wa kwanza kuisoma alikuwa Hadija, mama anayekaanga mihogo pale nje.

"Elfu moja! Mjomba Yunusi, kwa elfu moja huyo bibi harusi wa kwenye sinema atatoka humo aje atufulie?"

"Mjini wanatoa hiyo hiyo, Hadija."

"Mjini wana viti vya kuegemea. Sisi mgongo tunauegemeza wapi, kwa jirani?"

Waliokuwa kwenye foleni ya mihogo walicheka, na hakuna aliyeingia. Jumamosi ile walikaa ndani watu wanne. Iliyofuata walikaa watatu, na mmoja wao alikuwa amelala.

Jumamosi ya tatu alikuja Nasma, msichana wa darasa la sita, mjukuu wa Bi Sabaha. Bi Sabaha ni mjane ambaye nyumba yake iko nyumba tatu kutoka kibandani. Nasma alikuwa akifuatilia sinema ndefu ya vipande, na alikuwa ameishia pale ambapo mama mkwe amemfungia bibi harusi chumbani na kuuficha ufunguo. Wiki mbili alikuwa amekosa elfu moja. Sasa alifunua kanga akatoa kopo la lita moja lililojaa korosho.

"Mjomba, sina hela. Nina hizi."

Yunusi aliangalia barabarani kwanza.

"Za nani?"

"Za bibi."

"Amekupa?"

Nasma aliangalia vidole vyake vya miguu. Ndani muziki wa kuanzia ulikuwa umeshapigwa.

"Haya, ingia," alisema Yunusi, akalipokea kopo.

Kosa lote liko hapo, na halihitaji kutafutwa mahali pengine. Aliuliza, kwa hiyo alijua kwamba swali lipo. Hakungoja jibu, kwa hiyo alijua jibu ni lipi. Mtu mzima akishafanya hivyo hana tena haki ya kusema hakujua.

Wiki iliyofuata wasichana sita walikuja na makopo. Yunusi alijiambia kwamba hiyo si kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa kopo nje ya chama cha msingi ambao serikali imeukataza, kwa sababu yeye hanunui, anapokea kiingilio. Kopo moja peke yake, kwa bei ya mnadani, lilizidi hiyo elfu moja, na hilo alilijua pia. Kibanda kilipojaa tena akapandisha: makopo mawili. Nasma akaleta mawili.

Korosho alizimimina kwenye viroba akavifungia katika chumba cha nyuma ya runinga. Hapo alifanya jambo ambalo mkulima yeyote wa Ruangwa angemkataza. Korosho mbichi huanikwa juani siku tatu, kwenye jamvi, mbele ya nyumba, ndipo zifungwe. Yeye hakuthubutu. Mtu asiye na mkorosho hata mmoja Likunja akianika korosho, mpita njia wa kwanza atamuuliza amezipata wapi. Akaziacha gizani.

Asubuhi ya Alhamisi moja Bi Sabaha alimjia nyumbani, akakaa kwenye kigogo mlangoni. Nyuma ya nyumba yake kuna mikorosho minane. Mwaka ule alikusudia kupata magunia mawili, aezeke kwa bati chumba anacholala na mjukuu wake kabla mvua hazijaanza. Alikuwa na gunia moja na kidogo juu yake.

"Mwanangu, kuna mtu ananiokotea," alisema. "Naamka alfajiri, chini ya mti nakuta mabibo tu, korosho zimenyofolewa. Wewe una spika. Nitangazie. Wewe watu wanakusikia."

Yunusi angeweza kusema siku hiyo. Mwenye mali alikuwa mbele yake, hapakuwa na mtu mwingine, na Mungu alikuwa amemrahisishia hata safari. Badala yake aliinuka, akaenda kibandani, akawasha spika.

"Anayeokota korosho za Bi Sabaha ajue anamwibia mjane," ilisema sauti yake hadi msikitini na kurudi. "Na aone aibu! Huyo ni mwizi, na mwizi hana mwisho mwema!"

Alipotoka, Hadija alikuwa akigeuza mihogo yake.

"Umesema vizuri, Mjomba," alisema bila kuinua macho. "Wanaookota umewapata. Wale wanaopokea mbona hukuwataja?"

Mtu mmoja alicheka. Yunusi aliingia ndani akakaa peke yake kwenye benchi la mbele, mbele ya runinga iliyozimwa.

Ijumaa Nasma hakuonekana shuleni, wala Jumamosi hakuja sinema. Bi Sabaha mwenyewe alipita akiuliza nyumba hadi nyumba tangu Ijumaa jioni, na Jumatatu ndipo ikajulikana kwamba mtoto alipanda gari Ijumaa asubuhi akakimbilia Nachingwea kwa mama yake mdogo. Alituma neno kwa simu ya huyo mama yake mdogo kwamba harudi Likunja. Sababu hakuitaja.

"Labda mimi nimemkosea," Bi Sabaha alimwambia Yunusi. "Labda nimempa kazi nyingi. Hebu fikiria, mwanangu, ni nini nimemfanyia?"

Mtoto wa darasa la sita alikuwa ameitwa mwizi kwa spika, na aliyemwita hivyo ndiye aliyekuwa na korosho zenyewe. Na sasa bibi alikuwa akitafuta kosa lake mwenyewe. Yunusi alisema, "Sijui, Bibi," akafunga mlango. Mkewe aliniambia kwamba siku hiyo hakugusa chakula.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alifungua chumba cha nyuma. Alipokifungua kiroba cha kwanza harufu ilimpiga usoni. Korosho zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu, nyingine zilikuwa laini ukizibonyeza. Vilikuwa viroba viwili. Alivibeba kimoja kimoja, kwa kupita barabarani, jua likiwaka na watu wakiona, akaviweka mbele ya mlango wa Bi Sabaha.

"Hizi ni zako, Bibi. Na nyingine za wenzako."

Bi Sabaha aliangalia viroba, kisha akamwangalia yeye.

"Umemkamata?"

"Hapana. Nilikuwa napokea. Watoto waliniletea kama kiingilio cha sinema."

"Na Nasma?"

"Na Nasma."

"Ulijua ni za kwangu?"

"Nilijua. Tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Alisema za bibi."

Bi Sabaha alikaa chini polepole. "Basi mtoto hakukudanganya," alisema.

Bibi aliingiza mkono katika kiroba, akatoa korosho tano, akazinusa, akatupa tatu.

"Hizi mbona hukuzianika?"

"Niliogopa kuonekana."

"Nusu hazina soko. Hizi nyingine chama kikizichukua ni daraja la pili." Halafu akaingia ndani, akatoka na jamvi, akalitandika si uani bali pale mbele, kando ya barabara. "Mwaga. Chambua. Anika. Na ukae hapo."

Yunusi alimwaga, akachuchumaa, akaanza kuchambua. Hazikupita dakika tano akapita mzee mmoja na baiskeli.

"Alaa, Yunusi! Umepanda mikorosho lini?"

"Si zangu, mzee," alijibu kwa sauti ya chini. "Ni za Bi Sabaha."

"Sema yote," sauti ya Bi Sabaha ilitoka ndani. "Hajasikia huyo."

Alisema yote. Mzee alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake. Walipita wanawake wawili wanaotoka kisimani, akasema. Alipita Hadija na karai lake kichwani, akasema, na Hadija aliyekuwa na neno kwa kila kitu aliangalia chini akaharakisha hatua. Alimwonea haya, na hilo lilimuuma Yunusi kuliko kicheko. Kila aliposhusha sauti, bibi alimkumbusha kutoka ndani. Hakuwa akimkomoa. Alitaka maneno yale yatembee yafike Nachingwea kabla mtoto hajazoea kujiona mwizi.

Karibu na adhuhuri alisimama dereva wa bodaboda aliyekuwa akielekea Nachingwea, akaomba maji. Yunusi alimpa, kisha akamtajia nyumba ya mama mdogo wa Nasma, nyuma ya soko.

"Umwambie Nasma bibi yake amejua, na anamtaka arudi," alisema. "Umwambie niliyesema kwenye spika nimesema uongo. Mwizi alikuwa mimi."

Dereva alimwangalia, kikombe kikiwa mkononi.

"Niseme hivyo hivyo, mjomba? Na jina lako?"

"Na jina langu."

Pikipiki iliondoka. Yunusi aliinama tena juu ya jamvi, akaendelea kutenga zilizooza.