Kiti cha Bulandina na Mabwambale Arobaini na Saba

Wananchi wa Kasese, wananchi wa Bwera, na ninyi wa Kinyamaseke mnaokaa katikati ya barabara na kushangilia yeyote anayeelekea kushinda: vueni kofia. Inatangazwa rasmi, kwa niaba ya watu mia tatu na miguu yao mia tano tisini na tisa (mzee Semu wa Nyakiyumbu ana mmoja), kwamba Bulandina Biira, mama yake Shallon, umri miaka hamsini na minane, muuzaji wa viatu vya mitumba katika soko la Bwera, ndiye aliyeiokoa fainali ya Kombe la Milima kati ya Bwera na Kasese. Hakufunga goli. Hakupuliza filimbi. Wala uwanja wenyewe hakuwa ameuona, lakini huko tutafika.

Kwanza mjue mtu mwenyewe. Siku za soko Bulandina hutandika turubai chini, akamwaga viatu, kisha akasimama juu yake kama kamanda mpaka jua lizame, maana akikaa wateja wanaiba kiatu kimoja kimoja. Miaka kumi na tisa amesimama hivyo. Ukimsalimu anakujibu akitazama vidole vyako. Sura ya mtu hana habari nayo. Padri mmoja alihubiri Bwera miaka saba, Bulandina akimtambulisha kwa wageni kama "yule wa kidole kikubwa inataka kuhama." Mzee Semu huuziwa kiatu cha kushoto tu, na vile vya kulia Bulandina anavitunza kwenye gunia. Anasema Mungu si mjinga, ipo siku atamleta mtu wa kuvivaa.

Kwa kuwa anamjua kila mwenye mguu kuanzia mpakani hadi Bwesumbu, kamati ya mpira humpa kazi ya kugawa tiketi za upande wa Bwera. Tiketi ni za bure, na cha bure ndicho kigumu kugawa. Fainali tano amegawa, na fainali zote tano amezisikia kutoka nje ya ukuta, akizuia watu wasimrarue gauni. Mwaka huu aliweka sharti. Alimfuata mwenyekiti wa kamati, Asanasio, mtu mnene wa maneno mengi, akamwambia: "Mwenyekiti, mara hii mimi nataka kiti. Ile ya jukwaani, ya chini ya mabati."

"Mama Shallon, kumbe unapenda mpira namna hiyo!" Asanasio akaguswa hadi machozi yakamlenga. "Nitakupa kiti namba kumi na mbili, ubavuni mwangu."

Bulandina aliifunga tiketi hiyo ndani ya kitambaa cha kichwa, na wiki nzima hakukivua, hata kanisani, hata kitandani.

Basi kamati, kwa hekima yake, ikaamua kwamba tiketi zisiuzwe mitaani, kila moja iandikwe jina la mwenyewe, na pale getini jina litafutwe kwenye orodha. Wazo zuri. Lingefaa sana nchi nyingine. Kwetu Wakonzo mtoto huchukua jina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza wa kiume Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa kwanza wa kike Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na foleni inaendelea. Ukisimama sokoni Bwera ukaita "Bwambale!" utadhani umepiga kengele ya shule.

Bulandina hakuhangaika. Alichukua daftari, akaandika kila mtu kwa jina na kwa mguu: Bwambale, 41, mpana. Bwambale, 43, kisigino kimepasuka. Masika, 38, lakini anasema 37. Akalipeleka Kasese kwa katibu wa kamati, kijana Nobert mwenye kompyuta, aichape orodha ya getini.

"Mama Shallon, hizi namba ni za nini?"

"Ya viatu."

"Sisi tunagawa tiketi, mama, hatugawi viatu."

"Sasa utajua aje huyu ni Bwambale gani?"

"Kompyuta itajua," akasema Nobert, ambaye kwa taarifa yenu naye ni Bwambale.

Akaiingiza orodha bila namba wala visigino. Kisha, kwa kuwa ni mtu nadhifu, akabonyeza pale panapofuta majina yaliyojirudia. Watu mia tatu wa Bwera wakawa thelathini na mmoja. Nobert akaitazama karatasi ile moja, safi, imenyooka, akajipongeza kwa soda.

Jumamosi ya fainali Bwera ilihamia Kasese. Wakulima wa kahawa wa Nyakiyumbu walikuja na vuvuzela, wa Bwesumbu waliteremka mlima na viatu vya gambuti vyenye udongo wa asubuhi hiyohiyo, wafanyabiashara wa mpakani walivaa jezi za timu za Ulaya ambazo hazikuwa zikicheza. Wengi waliletwa na lori la Swalik, msafirishaji wa Bwera, Mwislamu mcheshi anayependa mpira kuliko injini yake. Getini alisimama Afande Ukasha, polisi aliyehamishwa kutoka mbali, ambako mtu akiitwa jina lake anageuka yeye peke yake.

"Jina?"

"Bwambale."

Afande akapiga tiki. "Pita. Wewe, jina?"

"Bwambale."

"Ameshaingia."

"Yule ni mwingine, afande."

"Mwingine? Nyuma yako nani?"

"Bwambale."

"Na nyuma yake?"

"Masereka."

Afande akapumua, akampitisha Masereka. Aliyefuata alikuwa Masereka.

Hadi mpira ulipoanza, watu thelathini na mmoja walikuwa ndani, na waliobaki walikuwa nje wakiligonga geti la bati. Swalik aliingia bila swali, maana Swalik alikuwa mmoja tu kwenye orodha. Akarudi kwenye upenyo wa ukuta kuwachokoza: "Wakonzo! Baba zenu walikuwa wanawahesabu, hawakuwapa majina!"

"Utarudi Bwera na lori tupu!" wakamjibu.

"Sawa, itapanda mulima vizuri!"

Bulandina alikuja mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna aliyepotea njiani. Akafungua kitambaa, akatoa tiketi yake, imenyooka kama noti mpya.

"Jina?"

"Biira."

"Biira ameingia saa nane," akasema Afande Ukasha. "Rudi nyuma."

Wote wakaacha kugonga geti, maana wote walikijua hicho kiti. Bulandina akakunja tiketi polepole, akairudisha kichwani. Ndani kukasikika ukelele. Kasese walikuwa wamekosa goli la wazi. Kutoka kwenye mkoba akatoa lile daftari.

"Afande, utawaweka hapa mpaka bavunje geti? Mimi nabajua. Banyooshe mistari, baonyeshe miguu."

"Miguu?"

"Miguu."

Afande alitazama geti, likiwa limeanza kulala. "Haya! Simama laini! Onyesha mguu!"

Bulandina akainama. Alipita foleni nzima akiwa ameinama, daftari mkono mmoja. "Huyu ni Bwambale arobaini na moja, mupana, pita. Huyu arobaini na tatu, kisigino, pita. Wee Masika, thelathini na saba?"

"Thelathini na saba, mama."

"Thelathini na nane. Pita." Mabwambale peke yao walikuwa arobaini na saba, na hakuna aliyechanganywa na mwenzake.

Akafika mbele ya kiatu cheusi cha kuchongoka, kinang'aa. Akasimama. "Hii kiatu sijauza mimi."

"Miye Célestin Kambale, mama, ya Kasindi," akasema mwenye kiatu, aliyetoka ng'ambo ya mpaka. "Kambale na Bwambale beko mutu moja. Ni mupaka tu ilipita katikati."

"Ni kweli. Lakini hauko kwa kitabu."

Célestin hakuona haya. Akaenda akapanda juu ya lori la Swalik lililoegeshwa pembeni ya ukuta, na kwa ushahidi wa wengi yeye ndiye aliyeuona mchezo uliobaki vizuri kuliko mwenyekiti.

Mapumziko yakapita. Kipindi cha pili kikaenda. Mtu wa mwisho, mzee Semu, akapitishwa kwa mguu wake mmoja bila kufunguliwa daftari. Bulandina akanyoosha mgongo, ukalia kama mlango. Getini wamebaki wawili tu.

"Sasa mimi," akasema.

"Sasa wewe nani anakujua?" Afande akauliza, na hakuwa na ubaya, amri ni amri. "Kila mutu umemushuhudia wewe. Wewe nani anakushuhudia?"

Bulandina akageuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Watu wote waliomjua alikuwa amewaingiza ndani kwa mkono wake, na sasa walikuwa wakipiga vuvuzela. Aliita "Bwambale!" mara moja. Kule ndani labda arobaini na saba walisikia, kila mmoja akadhani anaitwa mwenzake.

Zilibaki dakika tatu. Bulandina akatazama chini, kama kawaida yake.

"Afande, hiyo buti wamekupa arobaini na mbili. Wewe ni wa arobaini na tatu. Ya kushoto inakufinya kwa kidole kidogo, ndiyo maana unasimamia ya kulia tangu saa nane. Njoo Jumanne Bwera, nitakupatia mashine ya kuipanua."

Afande Ukasha aliutazama mguu wake wa kushoto, ambao maumivu yake hata mke wake hakuwa ameambiwa. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya orodha ya Nobert kwa herufi kubwa: BIIRA WA VIATU. Akapiga tiki.

"Pita, mama. Kimbia!"

Hakukimbia. Aliingia kwa mwendo wake wa sokoni, na wakati anapanda ngazi ya jukwaa, Bwera wakafunga. Jukwaa zima likaruka juu. Kinyamaseke wote wakatangaza kwamba walikuwa Bwera tangu asubuhi. Mbele ya Bulandina palikuwa na ukuta wa migongo, na chini yake, kiti namba kumi na mbili, kitupu, chenye joto la mtu aliyeruka. Akakaa. Filimbi ya mwisho ikalia akiwa amekaa, kombe likanyanyuliwa akiwa amekaa, na kutoka pale alipo aliona visigino tu.

Asanasio, ambaye habari za getini zilikuwa zimemfikia, akashika kipaza sauti, akatuliza uwanja. "Ndugu wananchi! Yuko mama hapa ambaye kwa mapenzi ya mpira ametugawia tiketi miaka sita, na leo, kwa mara ya kwanza katika historia, ameingia ndani! Mama Shallon, waambie hawa watu. Baada ya kungoja miaka yote hii, fainali umeionaje?"

Akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Bulandina alikuwa ameshavua viatu vyake na kuvipanga chini ya kiti.

"Mupira sikuona," akasema. "Lakini kiti iko muzuri."