Stempu ya Shamba la Mkonge

Mimi huenda posta ya Voi kununua stempu, na sina mtu wa kumwandikia barua. Karani wa dirishani ashanizoea. Siku moja alinichania stempu nne za ndege, polepole, meno yote ya pembeni yakiwa mazima, halafu akanitazama juu ya miwani.

"Wewe, huyo mchumba wako amefungwa jela gani? Kila wiki barua!"

"Hata mchumba sina, madam. Naziweka tu. Nikiziangalia naona kama nimesafiri."

Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akaniambia kwamba kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kuna nyanya mwenye stempu ambayo haikuuzwa posta yoyote ya serikali. Zamani shamba moja la mkonge lilikuwa na posta yake binafsi: mtu wa baiskeli, mfuko wa ngozi, na stempu zake lenyewe. Mengine sikuyasikia.

Jumamosi nikashuka Maungu, nikachukua boda hadi Rukanga. Nyanya alikuwa mlangoni akichagua ndengu kwa vidole, macho yake yameingia ukungu. Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani, akatoka na bahasha. Juu yake stempu ya kijani, mmea wa mkonge. Chini, kwa herufi zilizolala upande: "Kwa Mama, Rukanga." Ile a ya mwisho ya "Mama" ilikuwa na mkia mrefu.

"Ni ya kijana wangu wa kwanza," akasema. "Barua yenyewe ililiwa na mchwa. Alitoka mkongeni akaenda kuchimba vito, shimo likamfunika. Hawakumtoa. Chukua hiyo picha, mjukuu wangu, lakini bahasha unirudishie. Mwandiko wake ndio niliobaki nao."

Niliapa.

Nyumbani nilifanya vile ninavyofanya siku zote: maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kufulia, bahasha ndani, kisha kungoja gundi iachie. Nilikuwa naimba. Sikujiuliza maandishi yale yaliandikwa kwa kitu gani. Yalikuwa ya penseli ya kopi, ile ya makarani wa zamani, ambayo ikiguswa na maji hugeuka zambarau. Nilipoinama, maneno yalikuwa yashainuka kutoka kwenye karatasi. Ule mkia ulielea peke yake kama uzi, ukanyooka, ukapotea. Stempu ilitoka nzuri, haina hata mkunjo.

Wiki mbili nilitembea na rangi ile kwenye kucha. Pale saiba, kwenye kompyuta za kukodi, ninapochapia watu barua za kuomba kazi, nilikuwa nikibonyeza herufi a nainua kidole niangalie kama kimeacha alama. Nikaamua maneno ya bahasha nitayaandika upya mwenyewe. Nikajaribu ule mkia kwenye karatasi chakavu, mara nyingi, unakataa. Mara moja ukatoka sawasawa kabisa, na nikaitupa kalamu, maana mkono ule haukuwa wangu.

Nilirudi Rukanga na bahasha tupu, na stempu pia. Nyanya akapitisha kidole pale penye jina. Akainusa.

"Inanuka sabuni."

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Haukutoka.

"Nimeiogesha, nyanya. Sisi watu wa stempu ndivyo tunavyosema. Maandishi yametoka yote. Nisamehe."

Kuku akapita katikati yetu.

"Umemwogesha," akasema.

"Ni bahasha, nyanya..."

"Nimekusikia. Miaka hii yote naambiwa nikubali amekufa, na hakuna aliyemwogesha. Mtu haendi hivyo hivyo." Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. "Maji uliyamwaga wapi?"

"Nyuma ya ploti ninapopanga. Chini ya kamba za nguo."

"Watu hupita hapo?"

"Hupita."

"Basi rudi leo hii. Waambie wasimkanyage."

Stempu hakuitaka. Aliisukuma kwenye kiganja changu, akakifunga.

Nimepazungushia mawe. Majirani wakiniuliza nimepanda nini hapo nacheka, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka, kisha nawaomba wapite kando. Lakini mvua ikinyesha huwa natoka, nachuchumaa, naangalia maji yaliyotuama kati ya mawe yana rangi gani.