Abiria wa Mteremkoni

Mama alikubali kwenda kumwona dada yake huko Nkubu kwa sharti moja: gari likizima njiani, tunarudi nyumbani Runyenjes na habari hiyo isitajwe tena. "Nitajua Mungu amekataa," alisema, akafunga mkanda kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Walikuwa hawajasemezana miaka sita kwa sababu ya sufuria. Sufuria ya harusi iliazimwa nzima ikarudi na tundu, na hadi leo sijui nani alimwazima nani, maana kila mmoja husimulia kama mwenye sufuria. Sasa mama mkubwa alikuwa amepasuliwa goti, na mgonjwa huonwa hata akiwa adui. Mimi niliyataka mapatano hayo kuliko wao wote wawili. Nilikuwa nimechoka kupeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Tatizo ni kwamba gari langu lilikuwa la umeme. Nililinunua kuukuu kutoka Japani, betri imechoka, na kila nikiliwasha lilinisemesha Kijapani. Mama alilijibu kwa Kiembu, kwa heshima zote. Stima zilikuwa zimepotea tangu jana yake, kwa hiyo tuliondoka na asilimia sitini na nane. Kwenye tambarare zingetosha. Lakini barabara ya Nkubu haijui tambarare ni nini. Ni kushuka mtoni na kupanda, kushuka na kupanda.

Gari la umeme huendeshwa kwa ubahili. Pedeli ya mafuta, kama bado inaitwa hivyo, unaigusa tu, kama unayepima maji ya kumwogesha mtoto. Nilizima redio, nikazima kipoza hewa, nikafunga madirisha ili upepo usituzuie. Tukaanza kuiva. Kwenye mteremko unainua mguu, mota inalishika gari, na umeme kidogo unarudi kwenye betri. Na gari likiwa zito, unarudi mwingi zaidi. Hilo nililisoma mahali, na ndilo lililonivunjia heshima.

Juu ya mteremko mkubwa wa kwanza nilisimama mbele ya akina mama watatu wa kanisa, wanene kwa neema ya Mungu, wenye gunia la viazi.

"Ingieni niwapeleke hadi darajani."

"Sisi hatuendi huko," mmoja akasema. "Kwani darajani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Walitazamana. "Ni ya bure?"

"Bure kabisa."

Wakaingia, na gunia nikalitia kwenye buti. Tuliteremka polepole, na asilimia arobaini na moja ikawa arobaini na tatu. Nikapiga kelele, "Haleluya!" Nyuma wakaitikia, "Amina!" Darajani nikawashukuru kwa dhati, nikawashusha na gunia lao. Bahati nzuri boda boda zilikuwepo za kuwarudisha juu. Mmoja aliinama dirishani akaniuliza, "Na kesho utapita saa ngapi?"

Mama alisubiri hadi tukamaliza kupanda upande wa pili. "Nimeona watu wakibeba watu," alisema. "Sijaona mtu akibeba watu kwenda kuwatupa mtoni."

Mteremko uliofuata nilimbeba fundi wa nguo na cherehani yake. Alishuka darajani akiniuliza kama nimeokoka au ninaumwa.

Lakini milima ilikuwa mingi kuliko abiria. Chini ya mlima wa mwisho kabla ya Nkubu tulibaki na asilimia nne, na kwenye dashibodi ikawaka picha ya kobe.

"Huyo ni nani?" mama akauliza.

"Ni kobe. Maana yake tunaishiwa."

"Simamisha gari."

Moyo ulinifa. Nilijua ameshinda, na nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia betri, nikamkasirikia hata Mjapani aliyechora yule kobe. Mama akafungua mlango, akashuka, akajitundika kiondo chake cha ndizi mgongoni.

"Miguu imekufa ganzi," alisema. "Wewe nenda na kobe wako. Mimi nitatembea."

Mtu wa miaka sabini. Aliupanda mlima ule wote bila kugeuka, na mimi nikimfuata kwa gari. Pale penye mwinuko mkali aliniacha nyuma.

Tulifika na asilimia moja. Mama mkubwa alikuwa mlangoni na magongo yake. Walisalimiana kwa kuzungumzia mvua. Kisha mama akatangaza, "Hatukai. Gari ikipata chaji kidogo tu, tunaenda." Nilipitisha waya dirishani mwa jikoni, nikachomeka kando ya kabati la vyombo. Niliwaacha wakimenya ndizi pande mbili za jikoni, kimya kama watahiniwa, nikaenda kulala kwenye kochi la sebuleni nikiwa nimekata tamaa.

Saa kumi jioni nilikwenda kulitazama gari. Asilimia moja. Nikaufuata waya hadi dirishani, nikachungulia: plagi ilikuwa mahali pake, lakini swichi ilikuwa imezimwa.

"Nani amezima hapa?"

Mama mkubwa alikuwa ameketi mbali na ukuta ule wa swichi, mguu wake juu ya kigoda, na stuli ya mama ilikuwa imesogezwa kando yake. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ndizi.

"Ni mimi," alisema. "Na usiiguse."