Mafuta ya Ubongo na Mjukuu Aliyewahi Kuja

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti nilipokelewa na trei ya mayai. Nilikuwa nimehamishwa kutoka hospitali ya wilaya, nilikozoea kupima malaria na choo, nikadhani wamenipeleka jikoni. Mkuu wa Maabara, mzee mpole mwenye kikohozi kisichoisha, akacheka.

"Wewe si wa Singida? Kuku unawajua. Karibu kazini."

Tulichunguza mafuta ya ubongo. Si ya kukaangia, wanangu. Ni mafuta yaliyoshikana na sukari, yaitwayo glikolipidi, nayo hukaa kwenye utando wa kila seli. Tulichukua ubongo wa kifaranga angali ndani ya yai, tukausaga, tukayatoa mafuta kwa klorofomu, dawa ya majimaji inayoyeyusha mafuta, kisha tukayadondosha kwenye kioo kilichopakwa unga mweupe. Ukiegesha kioo ndani ya dawa kama hiyo, dawa hupanda ikibeba kila aina hadi mahali pake, na ukipuliza rangi, mistari ya zambarau hujitokeza. Yai changa lilionyesha aina nyepesi, zenye sukari chache. Kadiri kifaranga alivyokua, hizo zilififia, zikaja zenye sukari nyingi. Mwishoni, karibu na kuanguliwa, yaliongezeka mafuta yanayofunika nyuzi za neva. Niliipenda kazi ile. Kila kioo nilikikodolea macho kama mwenye njaa anayesubiri wali uive.

Kisha binti yangu Neema akajifungua njiti huko Itigi, mtoto wa kike aliyewahi kuja kabla ya siku zake. Nilimkuta amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyomwelekeza.

"Mama, wewe unapima ubongo," akaniambia. "Mwanangu ataongea huyu?"

Nilimtazama mtoto. Niliona kile kioo cha yai changa tu, na mistari ambayo haijaja. Niliogopa sana.

Niliporudi kazini nikamweleza Mkuu. Akavuta stuli, akakaa.

"Mama Neema, kila mstari tuliouona hapa ni wa ubongo tuliousimamisha sisi usikue. Huyo mtoto nani amemsimamisha? Bado anajenga. Nenda mkapokezane kumpa joto."

Nikaomba likizo. Neema akichoka, nilimbeba mimi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, ila hawasemi anavyokesha akisubiri.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Itigi. Vijana mnaoingia maabara, kiaminini kioo, lakini kumbukeni kinasema ya siku ile tu. Mjukuu wangu Pendo alichelewa kuongea. Wenzake walishawaamkia wazee wa mtaa mzima, yeye akitabasamu tu, na Neema hakuniuliza tena.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama bandani naokota mayai. Nikasikia nyuma yangu, taratibu:

"Shikamoo, bibi."

Mimi ninayegombeza watoto wote kwa ajili ya salamu, nilishindwa kuitika. Niliyashika mayai tu, machozi yakidondoka juu yake. Pendo, akidhani bibi yake hasikii vizuri, akapaza sauti:

"Bibi! Shikamoo!"