Kijiti cha Gideoni, Stesheni ya Gulwe

Treni ilisimama Gulwe, abiria wakajazana madirishani wakinunua mayai, karanga, kuku. Beseni la mayai la mama yangu hakuna aliyeligusa.

Walilipita kama lina maiti ndani.

Mwaka 1998 huo. Biashara huria imekolea, kila mwenye meza na koti jeupe kafungua maabara. Wa kwetu aliitwa Gideoni. Anakutoboa kidole, damu anaidondosha kwenye kijiti cha kupimia ukoma, kijiti kikitoa mstari mwekundu anakutangaza kwa kipaza sauti. Ndivyo alivyovuta wateja. Mama naye akaenda kupima.

"Mama Ignas ana ukoma. Kaeni mbali."

Mama hakuwa na doa hata moja. Jioni hiyo shangazi Domitila akamtengea sahani na kikombe chake.

"Wifi, usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya watoto."

Nikampeleka hospitali Mpwapwa. Daktari, dada mmoja aitwaye Edina, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa na pamba.

"Hapa?"

"Nasikia, mwanangu."

"Na hapa?"

"Unanitekenya."

Akamkwangua ndewe za masikio, akachungulia kwenye hadubini. Hakuna kitu.

"Sasa kile kijiti?" nikauliza.

Daktari akamgeukia mama. "Mama, uliwahi kuishi na mgonjwa wa ukoma?"

"Baba yangu. Nilimuuguza mpaka akafa."

"Basi. Kijiti kinaonyesha damu yako ilikutana na vijidudu. Hakisemi unaumwa."

Nilirudi nikawaeleza watu vipimo vya hospitali. Wakasema nimehonga. Haya.

Siku ya treni nikasimama mbele ya meza ya Gideoni, watu wamejaa.

"Daktari, mwenyewe umeshajipima?"

"Mimi wa nini, bwana mdogo?"

"Kutwa unashika damu za watu."

Mzee Bartolomayo, fundi baiskeli, akadakia, "Jitoboe basi. Au kinauma?"

Wakacheka. Akajitoboa huku anatabasamu.

Kijiti kikatoa mstari mwekundu.

Kipaza sauti nilikishika mimi.

"Gideoni ana ukoma. Kaeni mbali."

Safari hii hakuna aliyesema nimehonga. Mwenye nyumba akamtolea virago nje. Mimi nililala usingizi mtamu, na sijutii.

Miaka miwili baadaye akabisha hodi kwangu, ngozi imekuwa nyeusi kwa dawa.

"Ignas, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Nilikwenda kwa yule daktari wa Mpwapwa anisafishe jina. Akanigusa na pamba mgongoni. Sikusikia kitu. Nilikuwa nao kweli, ndugu yangu. Nimemaliza dawa, vidole vyangu vyote vizima."

Nilitaka kumzika, kumbe nimemponya. Mpaka leo inanichoma.

"Mama yuko wapi, nimwombe radhi?"

"Makaburini. Alikula peke yake mpaka mwisho."

Nikafunga mlango.

Wewe unayesoma, ukiwa na doa lisilosikia, nenda hospitali ufumbe macho, uguswe. Ukoma unapona, na dawa ni bure. Lakini anayekutangazia ugonjwa hadharani, usimwache aondoke kabla hajajitoboa na yeye.